Dawa mpya ya skizofrenia na baipola: maswali ya ndugu wa wagonjwa Dodoma

Ndugu wanaosindikiza wagonjwa kliniki za afya ya akili hapa Dodoma, wengine wakitoka Kondoa, Mpwapwa hadi Manyoni, wanauliza sana kuhusu dawa mpya waliyoisikia mitandaoni. Haya ndiyo wanayouliza zaidi.

Ni kweli Marekani wamepata dawa ya kuponya skizofrenia?

Kuponya, hapana. Lakini dawa ipo. Inaitwa Cobenfy, ya kampuni ya Bristol Myers Squibb, na tarehe 26 Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu itumike kwa watu wazima wenye skizofrenia. Inapunguza dalili kama kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kwamba majirani wana njama. Ugonjwa wenyewe bado unahitaji matibabu ya muda mrefu.

Ina tofauti gani na haloperidoli anayomeza mwanangu?

Klopromazini, ambayo wengi wetu tunaijua kama Largactil, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Tangu hapo karibu dawa zote za kundi hili, haloperidoli ikiwemo, zimefanya kazi kwa kuzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Ndiyo maana sauti hutulia. Lakini dopamini hiyo hiyo husaidia misuli kwenda sawasawa, kwa hiyo mgonjwa anaweza kutetemeka mikono, kukakamaa au kutembea kwa kuburuza miguu.

Cobenfy ni kapsuli yenye dawa mbili. Ya kwanza, xanomelini, haizuii dopamini moja kwa moja. Inaamsha vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe) vya aina nyingine viitwavyo muskarini. Miaka ya 1990 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ikaonekana kutuliza saikosisi, yaani kusikia sauti na kuamini yasiyo kweli, ila iliwatapisha na kuwasumbua matumbo kiasi cha kuwekwa kando. Baadaye watafiti wakaiunganisha na trospiamu, ambayo hupunguza usumbufu huo mwilini na haiingii kwa urahisi kwenye ubongo. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ya kupongezwa sana.

Katika utafiti mmoja wa watu 252, baada ya wiki 5 kipimo cha dalili kilishuka kwa pointi 21.2 kwa waliopewa dawa, na 11.6 kwa waliopewa kapsuli zisizo na dawa. Hiyo ni tofauti ya kweli, ingawa wiki 5 ni chache mno kwa ugonjwa wa miaka mingi. Kichefuchefu, kufunga choo na mapigo ya moyo kwenda mbio bado vipo, na dawa hii haifai kwa mtu ambaye ini lake limeharibika au ambaye mkojo wake huziba.

Dada yangu ana baipola. Itamfaa?

Kwa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, Cobenfy bado iko kwenye majaribio, na majaribio huweza kuvunja matumaini. Emraklidini, dawa nyingine inayolenga vipokezi vya muskarini, ilisubiriwa kwa hamu. Novemba 2024 kampuni ya AbbVie ikatangaza kwamba katika tafiti mbili za skizofrenia haikuonyesha nafuu ya kutosha kuliko kapsuli tupu.

Dada yako ana dawa zinazofanya kazi leo. Kama anatumia lithiamu, msimu wa joto kali la Dodoma anywe maji ya kutosha, na asijikatie chumvi ghafla. Akiharisha, akitapika, akitetemeka sana au akiyumba anapotembea, apelekwe hospitali haraka, maana lithiamu inaweza kuzidi mwilini. Kama anatumia valproeti na yuko kwenye umri wa kuzaa, amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache mwenyewe nyumbani.

Itafika lini huku?

Dawa huhitaji kwanza kusajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, halafu kuna bei: Marekani ilitangazwa kwa takriban dola 1,850 kwa mwezi. Mtu akikuambia anazo kapsuli hizo na umtumie pesa kwa simu, usimtumie.

Basi nimwachishe vidonge vya sasa? Juzi shingo ilimpinda na macho yakageukia juu.

Tafadhali usimwachishe kabla hajaonwa. Hali hiyo inatisha, na najua familia zilizodhani ni mapepo au pepopunda, wakapoteza siku nzima kwa mganga. Mara nyingi ni madhara ya dawa, hasa siku za mwanzo au dozi inapopandishwa, na hospitali wana sindano inayolegeza misuli hiyo kwa muda mfupi. Baada ya hapo daktari anaweza kupunguza dozi, kuongeza benzheksoli (hiyo Artane mnayoijua), au kumhamishia kwenye risperidoni au olanzapini. Olanzapini nayo huongeza uzito na sukari, kwa hiyo apimwe.

Ukimwachisha kimyakimya, wiki za kwanza anaweza kuonekana mzima kabisa, hata mchangamfu kuliko zamani. Hapo ndipo familia hudanganyika. Usingizi huanza kupotea, kisha sauti zinarudi, na mara nyingi kumtuliza tena huwa kugumu zaidi.

Ana homa na mwili umekaza. Nimpeleke akapime malaria?

Mpeleke leo hii, na malaria apimwe, lakini mwambie mhudumu anatumia dawa gani. Beba na pakiti yake. Homa kali, mwili mgumu, jasho na kuchanganyikiwa kwa mtu anayetumia haloperidoli au sindano ya Modecate (dawa ya kundi hilo hilo inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa) inaweza kuwa dharura inayosababishwa na dawa yenyewe, na inaua. Usimpe dozi inayofuata mpaka aonwe.

Lazima twende Mirembe? Mtaani watamcheka.

Jina la Mirembe limegeuzwa tusi hapa mjini na inaniumiza, maana ni hospitali ya taifa inayotibu watu, na wengi hutoka wakarudi kazini na shambani. Kwa ufuatiliaji wa kawaida, ulizeni kwanza hospitali ya wilaya yenu kama ina kliniki ya afya ya akili. Na kama mgonjwa amepitisha tarehe ya sindano, msisubiri mwezi ujao kwa kuogopa kugombezwa. Mleteni kesho asubuhi.