Kukataa bima ya kazini hakukupi haki ya ruzuku

Kwa miaka mingi jamaa zetu walioko Marekani wameambiana kwamba ukikataa bima ya afya ya kazini, unapata ruzuku, yaani msaada wa serikali wa kulipia bima, kwenye soko la bima la serikali. Sivyo. Sheria haiangalii kama ulijiunga. Inaangalia kama mwajiri alikupa nafasi ya bima yenye kiwango kinachotakiwa na unayoimudu.

Kwa mwaka 2026, unaimudu ikiwa makato ya mshahara kwa bima yako mwenyewe hayazidi asilimia 9.96 ya kipato cha kaya. Kaya ya dola 40,000 kwa mwaka, mpaka wake ni dola 332 kwa mwezi. Kama kazini wangekukata 150 kwa bima yako mwenyewe, ruzuku si haki yako, hata kama hukujaza fomu yao. Ukiipokea hata hivyo, deni hujitokeza unapojaza ripoti ya kodi, kwenye fomu 8962 inayokokotoa ruzuku, na kuanzia mwaka wa kodi 2026 kiasi cha kurudisha hakina kikomo tena. Inauma sana, maana fedha zenyewe zilikwenda kwa kampuni ya bima, wala hukuzishika.

Mwenzi na watoto ni habari nyingine: tangu 2023 hupimwa kwa bei ya bima ya familia, na huenda wao wakastahili. Basi mwombe mwajiri bei zote mbili kwa maandishi kabla ya kujaza maombi.