Mtumiaji wa warfarin na sahani ya mchicha

Imani hii ina miaka mingi: anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse mboga za majani. Haikuzuka hewani. Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu, na warfarin huzuia vitamini hiyo isirudi kutumika tena. Mchicha na sukuma wiki zimejaa vitamini K.

Ila dozi yako hupangwa kwa kupima damu yako, ukiwa unakula unavyokula. Kinachovuruga ni mabadiliko ya ghafla. Aliyezoea mchicha kila siku akiukatiza, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinaweza kupanda, fizi zikaanza kutoa damu au choo kikawa cheusi kama lami. Hapo ni hospitali mara moja. Akifakamia mboga ghafla, INR hushuka na damu inaweza kuganda. Kwa wagonjwa wengi lengo ni 2 hadi 3.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Soma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, kisha fungua daftari lako la kliniki: wiki INR ilipopanda, ulikula nini, ulimeza nini? Metronidazoli, dawa ya amiba ambayo wengi hujinunulia tu, huipandisha INR sana, na kwa maoni yangu ndiyo ingestahili kuogopwa kuliko mchicha. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroxaban na apixaban, hazitegemei vitamini K kabisa.