Kupanga mlo wa wiki si kupika kila kitu Jumapili

"Mimi napika kila kitu Jumapili, natia kwenye friji, mpaka Ijumaa sina presha." Wateja huniambia hivi kwa fahari kila ninapouliza familia inapangaje chakula cha wiki, na kusema kweli nimechoka kuisikia. Chakula kilichopikwa hukaa kwenye friji siku 3 hadi 4, na hiyo ni friji yenye nyuzijoto 4 au chini ya hapo. Mchuzi wa Jumapili mwisho wake ni Alhamisi, tena ukiwa umepozwa na kuhifadhiwa vizuri. Ule wa Ijumaa ulitakiwa uwe kwenye friza tangu Jumapili ileile.

Jibu la kwanza ninalopewa ni kwamba chakula hakikunuka. Bakteria wanaochachusha chakula si lazima wawe ndio wanaougulisha watu. Listeria, bakteria anayeleta ugonjwa kupitia chakula, huendelea kuongezeka hata ndani ya friji, polepole, bila kubadili harufu, rangi wala ladha. Kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee, acha kabisa kuipa pua kazi ya kuamua. Bandika karatasi kwenye mfuniko, andika tarehe ya kupika, hesabu siku.

Jibu la pili ni kwamba "nikikichemsha vizuri kinakuwa salama". Hili ndilo baya zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kiporo kikipashwa hadi katikati kufikia nyuzijoto 74, bakteria wengi walio hai hufa. Sumu waliyokwisha kuiacha ni habari nyingine. Chukua wali: mchele huja na spora, yaani mbegu ngumu zilizolala, za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na spora hizo hustahimili kuchemka. Wali ukiachwa kwenye sufuria juu ya jiko usiku kucha, spora huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu inayosababisha kutapika. Sumu hiyo haivunjwi na moto wa kupashia, uchemshe utakavyo. Wali upozwe na uingie kwenye friji ndani ya saa 1, uliwe ndani ya siku 1, upashwe mara moja tu. Ukitaka wa siku za mbele, ugandishe.

Lakini kosa lenyewe huanza mapema zaidi, pale sufuria kubwa inapoachwa mezani "ipoe kwanza" kwa sababu eti chakula cha moto kinaua friji. Kati ya nyuzijoto 5 na 60 ndipo bakteria wanapostawi, na sufuria iliyojaa hupoa juu na pembeni huku katikati ikibaki vuguvugu kwa saa nyingi. Kuisukuma ndani ya friji ikiwa nzima hakusaidii sana, kwani katikati pataendelea kuwa vuguvugu humo humo na vyakula vilivyo jirani vitapata joto. Fanya hivi: kikiepuliwa tu, gawa chakula kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5. Ukitaka haraka, weka sufuria kwenye beseni la maji yenye barafu na ukoroge, halafu ndipo ugawe. Mvuke ukiisha, ingiza. Usivibebanishe vyombo siku ya kwanza. Hewa baridi inahitaji kupita katikati yake. Kikomo ni saa 2 tangu moto ulipozimwa, na kama joto la chumba limepita nyuzi 32, ni saa 1.

Kwa hiyo ratiba inayofanya kazi ina siku mbili za kupika, tuseme Jumapili na Jumatano. Jumapili pika sufuria moja kubwa ya kitu kinachogandishika vizuri: maharage, nyama ya mchuzi, rosti ya nyanya. Maharage makavu kilo 1 yakiiva hupita kilo 2, basi usijaze sufuria mbili kwa familia ya watu wanne. (Maharage mekundu yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji, yachemke kwelikweli kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Sufuria ya umeme ya kupikia polepole huenda isifikie kuchemka, na maharage yaliyoiva nusunusu yana sumu kuliko hata mabichi.) Fungu la Jumatatu na Jumanne liende friji, yaliyobaki yote friza, kila fungu likitosha mlo mmoja.

"Ratiba nzuri ina vyakula 7 tofauti." Nani kasema? Andika milo 5. Jioni moja iachie viporo, nyingine iache wazi, maana kuna siku mtu atachelewa au hamtakuwa na njaa ya kutosha. Ratiba iliyojaa hadi pomoni huvunjika Jumanne, na mboga za Alhamisi huishia jalalani.

"Unaanza na orodha ya manunuzi." Unaanza na friza na kabati, kalamu mkononi. Kisha panga siku kwa kufuata kinachoharibika mapema: samaki mbichi, kuku na nyama ya kusaga ndani ya siku 1 hadi 2, nyama nyekundu ya vipande siku 3 hadi 5, mboga za majani mwanzoni mwa wiki, kabichi, karoti, mayai na nafaka kavu mwishoni. Orodha ya manunuzi ni pengo linalobaki hapo. Mchele ukadirie gramu 75 hadi 90 kwa mtu mzima kabla ya kupika, na upime kwa kikombe, si kwa kiganja.

"Mboga za kugandishwa hazina virutubisho." Hupoteza kiasi cha vitamini C zinapochovywa kwenye maji ya moto kabla ya kugandishwa. Mchicha "freshi" uliolala kwenye friji siku tano nao unapoteza, tena kila siku.

"Nyama itayeyuka yenyewe mezani nikiwa kazini." Nje itafikia joto la chumba wakati ndani bado ni barafu, na hiyo nje ndiyo bakteria waliko. Yeyusha ndani ya friji, kwenye sahani yenye kingo, rafu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kuku mzima wa kilo 2 anahitaji takriban saa 24, kwa hiyo "toa kuku" iandikwe kwenye ratiba Jumanne jioni, sio Jumatano.