Kuperuzi yetu na "peruse" ya Kiingereza: dhana potofu na ukweli wake

Jioni ukipanda mwendokasi ya Kimara karibu kila mtu ameinamia simu, muulize unafanya nini atakwambia naperuzi tu, yaani kidole kinapanda kinashuka, picha hii, habari ile, hamna anachosoma mpaka mwisho. Sasa mtu huyohuyo kesho yake anatumiwa imeili ya kazini imeambatanishwa mkataba wa kurasa kibao, chini pameandikwa "for your perusal", yaani ametumiwa aupitie kwa kuusoma (perusal inatokana na peruse), naye anafungua PDF, anashuka moja kwa moja mpaka penye sahihi, anajibu nimepokea asante. Kasaini. Hili jambo linaniuma kwa sababu wengi wanaumia hapohapo.

Dhana kubwa kuliko zote ndo hiyo, kwamba peruse ya Kiingereza ni sawasawa na kuperuzi yetu. Neno tumelitoa huko kweli, ila maana haijaja yote. Kwenye barua za kiofisi na hasa mambo ya kisheria, peruse ni kusoma kwa utulivu, kipengele kwa kipengele. Wakili akikwambia ameshaiperuzi hati ya kiwanja unachotaka kununua kule Kigamboni, kwa maana hiyo ya kwao, ujue ameangalia jina la mmiliki herufi kwa herufi, namba ya kiwanja na kitalu, umiliki ni wa miaka mingapi na imebaki mingapi, masharti ya matumizi yanasema makazi au biashara, na bado anaenda kwa msajili wa hati kuulizia kama kuna benki imekishikilia kwa mkopo. Hapo hamna juujuu. Kwahiyo aliyekuandikia "for your perusal" anaweza kabisa kuja kusema nilikupa usome vizuri, na ukishasaini kile cha kusema mimi nilipitia tu huwa hakina msaada sana.

Ila sasa kuna watu wakishalijua hili wanaruka upande wa pili, wanaanza kuwakosoa wenzao kwamba ukitumia peruse kwa maana ya kupitia harakaharaka basi hujui Kiingereza. Hapana jamani, hiyo nayo ni dhana potofu. Fungua kamusi ya Merriam-Webster utakuta zote mbili, kuchunguza kwa makini na kupitia juujuu, zimekaa pamoja kwenye neno moja. Na ukirudi nyuma zaidi, Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya 1755 aliandika tu kwamba ni kusoma, na maana nyingine ni kutazama au kuchunguza, hakusema lazima usome kwa jasho. Mwanzoni kabisa, karne ya 15 huko, lilikuwa na maana ya kukitumia kitu mpaka kiishe. Kwahiyo limeshahama sana hata kwa wenyewe Waingereza, na sisi kulichukua likawa la kuzurura mtandaoni hatujaharibu kitu, neno la mkopo likishafika linafuata wenyeji, kuperuzi ni Kiswahili cha watu sasa hivi na kinaeleweka kuanzia Mbagala mpaka Tegeta.

Wengine wanajua ni neno la makaratasi tu. Sio kweli, ukiacha matumizi ya leo ambayo mengi ni ya kusoma, zamani lilitumika kwa kitu chochote unachokikagua. Kwenye tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare mfalme Claudius anapanga njama ya kumuua Hamlet kwenye mchezo wa panga, anasema kijana huyu hana hila, hata-peruse zile panga, yaani hatazikagua kabla ya kucheza, kwahiyo Laertes, atakayecheza naye, atachagua yenye ncha kali bila kushtukiwa. Na ndivyo ilivyokwenda, ncha ilikuwa na sumu juu yake. Mimi huu mfano naupenda kuliko maelezo yote ya kamusi, maana unaona kabisa gharama ya kutokukagua.

Lingine la haraka: peruse sio pursue. Kwenye barua za kuomba kazi na vyuo utaona mtu ameandika anataka ku-peruse masters, hapo ameandika anataka kuisoma kama gazeti. Ya kufuatilia au kusomea ni pursue, ambayo ukoo wake ni mmoja na prosecute, kushtaki, na haihusiani kabisa na hii.

Halafu kuna perusal ya mahakamani. Wenye kesi wengi wanadhani wakiruhusiwa perusal wanaondoka na kopi ya faili. Ni kusoma tu, unakaa palepale masijala, unaandika unachokihitaji kwenye daftari lako, faili linarudi kwa karani, kopi unaziombea kivyake.

Na kama wewe ndo mtumaji na kweli unataka mwenzako asome, acha hilo neno kabisa maana lina maana mbili zinazopingana na huwezi kujua yeye anaijua ipi. Mwandikie kawaida: soma kifungu cha 4 na cha 9 kuhusu malipo na kuvunja mkataba, nijibu kabla ya Ijumaa kama unakubali au kuna cha kubadilisha.