Halaiki si kila umati

Tunaulizwa mara kwa mara kama "halaiki" inaweza kukaa popote panapokaa "umati". Mara nyingi inaweza, lakini si popote.

Neno hili limetoka Kiarabu, likiwa na maana ya viumbe, yaani walioumbwa. Shina hilohilo ndilo lililotupa huluku, kwa maana ya kuumba, na pia hulka. Kwa Kiarabu tayari ni wingi. Kwa Kiswahili limeingia ngeli ya I-ZI na halibadiliki umbo, kwa hiyo "mahalaiki" ni kosa. Sema "halaiki ya watu ilifurika uwanjani". Wapo wanaosema "halaiki walifurika" kwa kuwa wanaozungumziwa ni watu. Kibarazani linapita, ila katika maandishi rasmi upatanisho ufuate nomino.

Tanzania neno limepata kazi yake ya pekee. Ukisikia "watoto wa halaiki" kwenye sherehe za Muungano, Aprili 26, au za Mapinduzi kule Zanzibar, usidhani ni watoto waliojazana tu. Ni wanafunzi waliofanya mazoezi hadi wakaweza kuingia uwanjani kwa hatua moja na kupanga maumbo na maandishi kwa miili yao. Hapo halaiki ni onyesho, tena lenye nidhamu ambayo umati hauna.

Pa kuangalia sana ni "mauaji ya halaiki", ambayo waandishi wengi huyachanganya na "mauaji ya kimbari". Halaiki hutaja wingi wa waliouawa. Kimbari, kutoka mbari, yaani ukoo, huonyesha wameuawa kwa sababu ya asili yao. Na sheria haihesabu maiti: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 unatazama nia ya kuangamiza, lote au sehemu yake, kundi la taifa, kabila, rangi au dini fulani. Kwa hiyo yaliyotokea Rwanda mwaka 1994 ni mauaji ya kimbari. Kuyaita ya halaiki tu ni kutaja idadi na kuinyamazia nia. Lakini aliyelipua soko bila kujali waliomo ni akina nani, huyo amefanya mauaji ya halaiki.

"Kaburi la halaiki" halina utata huo, mradi waliozikwa humo ni wengi kweli. Wakiwa watatu, andika "kaburi la pamoja".