Madini ya risasi kwenye ubongo wa mtoto: ondoa chanzo kwanza, dawa baadaye

Seli za ubongo husubiri kalsiamu ndipo ziachilie kemikali zinazopeleka taarifa kutoka seli hadi seli. Risasi hujifanya kalsiamu. Hukalia nafasi yake, glutamati, mojawapo ya kemikali hizo, ikakosekana inapohitajika na kutoka ovyo isipoitwa. Tena huziba vipokezi vya NMDA, milango ya seli inayopokea glutamati, ambavyo mtoto huvitegemea kujifunza na kukumbuka. Hapo hapo hukwamisha kimeng'enya cha kutengeneza damu, na malighafi inayorundikana huvuruga GABA, kemikali inayoutuliza ubongo.

Mtoto hufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza, mtu mzima kama asilimia 10 tu. Akipungukiwa madini ya chuma au kalsiamu, hufyonza zaidi. Ndiyo maana kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu zenye risasi pale Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwa hatari mno kwa watoto waliocheza jirani yake.

Ukipima risasi, damu ya kidole huchafuliwa upesi na vumbi la ngozini. Mwoshe mtoto mkono kwa sabuni, na majibu yakiwa juu, thibitisha kwa damu ya mshipa.

Kuanzia mikrogramu 45 za risasi kwa desilita ya damu, mtoto hupewa saksima (DMSA), dawa inayonasa risasi na kuitoa mwilini: mg 10 kwa kila kilo, kila saa 8 kwa siku 5, kisha kila saa 12 kwa siku 14. Wa kilo 8 hadi 15 hupata kapsuli moja ya mg 100 kila mara. Inanuka kama yai viza, na mama asipoambiwa mapema atadhani imeharibika. Ifungue, changanya unga wake na uji kidogo anaoweza kuumaliza. Pima chembe nyeupe za damu na ini kila wiki.

Mwenye degedege au aliyepoteza fahamu ni wa kulazwa mara moja: sindano ya BAL, halafu baada ya saa 4, EDTA yenye kalsiamu, zote mbili dawa za kunasa risasi. Nakusihi usome chupa mara mbili! EDTA ya sodiamu pekee huinyonya kalsiamu ya damu, na imeshaua watoto.

Wiki 2 au 3 baada ya dozi, kiwango hupanda tena kwa sababu mifupa hutoa akiba yake. Kikirudi kilipokuwa, mimi hushuku kwanza kwamba nyumbani bado kuna risasi.

Chini ya 45, dawa hushusha kiwango cha damu bila kuinua akili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2001 ulionyesha hivyo. Hapo tiba ni chanzo: piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kukavu, na baba anayevunja betri aoge na abadili nguo huko huko kazini kabla hajambeba mtoto.