Kwa nini chanjo kwa Kiingereza ina jina la ng'ombe?

Nimesikia neno vaccine limetokana na ng'ombe. Ni kweli?

Kweli kabisa. Kwa Kilatini ng'ombe jike ni vacca. Mei 1796, huko Berkeley, Uingereza, daktari Edward Jenner alichukua usaha wa lengelenge mkononi mwa mkamuaji wa maziwa, Sarah Nelmes, aliyekuwa ameambukizwa ndui ya ng'ombe. Akamchanjia mtoto wa miaka 8, James Phipps. Wiki chache baadaye akamchanjia ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. (Leo nani angemruhusu?) Katika kitabu chake cha 1798 aliuita ugonjwa ule wa ng'ombe variolae vaccinae, na jina likanata.

Lakini surua na pepopunda zinahusiana nini na ng'ombe?

Hazihusiani. Mwaka 1881 Louis Pasteur, Mfaransa, alipendekeza neno hilo litumike kwa kinga zote za namna hiyo, kwa heshima ya Jenner.

Kwa hiyo mwanangu akichanjwa anatiwa ugonjwa wa ng'ombe?

Hapana, jina halikuambii kilichomo. Chanjo ya surua ina virusi vya surua vilivyodhoofishwa. Ya pepopunda ina sumu ya bakteria iliyoondolewa madhara.

Ila ipo moja yenye asili ya ng'ombe hasa, nayo ni BCG, ile ya kifua kikuu anayochomwa mtoto mchanga ikamwachia kovu dogo. Albert Calmette na Camille Guérin, huko Lille, Ufaransa, walianza mwaka 1908 na bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe. Waliwaotesha upya mara 230, miaka 13 mfululizo, hadi wakaisha makali.

Na neno letu chanjo?

Linatoka kwenye kuchanja, yaani kukata au kutia chale; ndicho kitenzi cha kuchanja kuni. Waingereza walimkumbuka mnyama, sisi tukakumbuka wembe. Na mtoto akidondoshewa matone ya polio mdomoni, bila hata kuguswa ngozi, mama bado atasema amechanjwa.

Mbona siku hizi watoto hawachanjwi ndui?

Mgonjwa wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa imetokomezwa, na chanjo yake ikaondoka kwenye ratiba za kliniki.